Mkwe Wangu na Uwanja wa Tenisi

Miaka ile ya shida nilikuwa mwinjilisti wa usharika mmoja wa Kilutheri hapa Babati. Mji ulikuwa na uwanja mmoja wa tenisi, upande wa ziwani, nyuma ya nyumba za watumishi wa serikali, na karibu hakuna aliyejua kwamba ni uwanja. Watu waliuona kama kipande cha ardhi ngumu ambacho mtu fulani alisahau kukilima. Mimi nilijifunza tenisi chuo cha Biblia, kwa mwalimu aliyeamini kwamba mhubiri asiyetoka jasho Jumamosi atawalaza watu Jumapili. Siku nilipouona uwanja ule nilivua viatu, nikatembea juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho, nikamshukuru Mungu.

Kumbe katibu kata naye alikuwa ameuona. Wakati ule unga ulikuwa wa foleni, sukari tulikuwa tunaisikia tu, na kila penye udongo palitakiwa pawe na mahindi. Aliniambia wazi, bila ubaya:

"Mwinjilisti, mvua zikianza nitawagawia watu pale walime. Nikikuta watu wanacheza kweli, nitafikiri upya. Nikikuta majani, ni jembe."

Sikuweza kumlaumu. Nilikuwa naingia kuomba katika nyumba ambazo moto uliwashwa mara moja kwa siku. Lakini nilikuwa nimeona pia jinsi watu walivyoanza kukaa pamoja bila kusema neno, na nilitamani wawe na mahali pa kwenda ambapo si foleni.

Tenisi haichezwi na mtu mmoja, kwa hiyo nilianza kutafuta mwenzangu. Niliuliza posta, benki na shuleni. Jumapili moja nikatangaza kanisani, baada ya tangazo la mabati ya kanisa: "Mwenye tenisi anione mlangoni." Mlangoni nilimkuta bibi mmoja wa Nangara, amesimama na fimbo yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwinjilisti, hiyo tenisi inaanzia tumboni au kichwani?"

"Ni mchezo, bibi."

"Basi Mungu ashukuriwe. Nilidhani na hiyo imeshafika."

Aliyejitokeza mwishowe ni bwana mifugo, kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka milima ya Mbulu. Alikuja na raketi yake aliyoifunga kwenye gunia, kama mtu aliyebeba jogoo. Tukautengeneza uwanja kwa tulichokuwa nacho. Wavuvi walitupatia wavu wao uliochakaa. Chokaa haikupatikana, hivyo mistari tuliichora kwa majivu ya jikoni. Nyuzi za raketi zilizokatika tulizifuma upya kwa mshipi wa kuvulia samaki. Viboko walipopita usiku kwenda kula majani waliacha mashimo, nasi tuliyajaza na kuyashindilia. Katambuga za matairi tulizipiga marufuku kwa sababu zilichimba udongo, tukacheza pekupeku. Bado najivunia uwanja ule kuliko vitu vingi nilivyojengewa na watu wenye fedha.

Na kijana alikuwa anapiga! Hakunionea huruma hata kidogo.

"Huo ulikuwa ndani, Mwinjilisti!"

"Ulikuwa nje."

"Majivu yameruka! Mtumishi wa Mungu, majivu yameruka watu wakiona!"

Baada ya mchezo alikuja nyumbani kwangu kunywa uji, na uji ule ulianza kuchukua muda mrefu. Binti yangu mkubwa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Siku moja akaja mshenga, mzee mwenye adabu, akaeleza kilichomleta. Tuliomba, tukamuuliza binti, tukakubali. Nilifurahi sana. Sikujua kwamba nimempata mkwe na kumpoteza mwenzangu wa kucheza.

Jumamosi iliyofuata nilianzisha mpira, naye akaurudisha taratibu mpaka mbele ya mkono wangu, kama anayempa mgonjwa uji kwa kijiko. Nikapiga kwa nguvu. Akauacha upite, akainamisha kichwa.

"Mbona hupigi?"

"Baba, siwezi," alisema kwa sauti ya chini. "Kwetu mkwe harushiwi kitu. Hata fimbo ya kufukuzia kuku siokoti mbele yako."

Vijana wa Maisaka waliozoea kukaa pembeni kutazama walielewa haraka kuliko mimi. Kila alipokosa mpira walipiga kelele: "Ng'ombe wa kwanza! Ng'ombe wa pili! Lipa mahari, bwana mifugo!" Walikuwa wamefika ng'ombe wa tano nilipomwona katibu kata amesimama nyuma yao. Alitazama kidogo, akanisogelea.

"Ndugu mwinjilisti, huu si mchezo, ni heshima. Heshima mnaweza kuifanyia sebuleni." Akatazama mawingu juu ya mlima. "Wiki ijayo nakuja na kamba ya kupimia."

Jioni ile mke wangu alimkaribisha mkwe chakula. Aliandaa kama desturi inavyotaka: hakumketisha mbele yangu tukatazamana, alimketisha kando yangu, sote tukielekea mlangoni. Na pale kijana alikula vizuri, akaongea na hata kucheka. Nikaweka tonge chini.

"Mama, umetuokoa," nilisema.

"Kwa mchicha huu?"

Nilikuwa nimekumbuka kwamba tenisi huchezwa pia watu wawili kwa wawili. Mkwe hawezi kusimama mbele yangu, lakini kando yangu anaweza. Tulichokosa ni watu wawili wa kusimama ng'ambo ya wavu. Kesho yake baada ya ibada nilikwenda kwa Wakatoliki. Padre wao alikuwa mzee kama mimi, na alicheza akiwa seminari. Sista mkunga wa zahanati yao alifundishwa alipokuwa anasomea uuguzi. Niliwaeleza shida yetu yote, pamoja na habari ya mkwe. Sista alicheka mpaka akashika meza.

"Sisi hatuna wakwe, Mwinjilisti," alisema. "Tutapiga."

Habari kwamba Walutheri watapambana na Wakatoliki ilifika Bagara kabla mimi sijafika nyumbani. Jumamosi watu walijaa pande zote, waumini wao huku na wetu kule, na wafugaji waliokuja mnadani wakaegemea fimbo zao katikati bila kuchagua upande. Sista alijifunga kitenge kiunoni juu ya gauni lake jeupe. Katibu kata alikuja kweli, na kamba begani, na watu wake wenye majembe nyuma yake.

Tukaanza. Mkwe wangu alipiga mpira wa kwanza ukampita padre kabla hajainua raketi.

"Kijana!" padre alilalamika. "Mimi ni mzee!"

"Shikamoo, padre," mkwe alijibu, "lakini wewe si mkwe wangu!"

Watu waliangua kicheko. Tangu hapo alikimbia mbele na nyuma, akafuata hata mipira iliyokuwa yangu, kila mara akisema, "Samahani, baba," kisha akiipiga kama radi. Nimeandaa wengi kwa ubatizo na wengi kwa ndoa, lakini sikumbuki kama niliwahi kusimama kando ya mtu nikajisikia vile. Sista alikuwa hatari zaidi yetu sote. Walitufunga, kwa mpira mmoja uliogusa majivu.

Nilipotazama pembeni, katibu kata alikuwa ameketi juu ya kamba yake.

"Mmefungwa, ndugu mwinjilisti."

"Tumefungwa, ndugu katibu."

"Huyu anayeruka ndiye yule wa ng'ombe watano?"

"Ndiye huyo."

Alinyanyuka, akaichukua kamba, akawarushia watu wake. "Pimeni kuanzia nje ya majivu. Ndani msiguse."

Walipanda mahindi kwa mvua za kwanza, na Mungu aliibariki mvua ile. Kabla ya Pasaka uwanja wetu ulikuwa umezungukwa na mahindi marefu kuliko mtu, na watu waliokuja kupalilia walikaa kututazama. Mpira ulipopotelea humo, mkwe wangu aliniambia, "Baba, kaa," akaingia mwenyewe pekupeku, akiinua miguu juu asikanyage mahindi ya watu. Nami nilibaki uwanjani namsubiri, nikijivuna kwa kiasi ambacho naamini Mungu alinivumilia.