Ng'ombe Waliokwenda Chuo Kikuu

Simu ilinikuta Sirari, mpakani na Kenya, nikisubiri fundi amalize kuziba tairi. Aliyepiga ni binti mdogo wa jirani yangu wa shamba, na kwa jinsi alivyonisalimia nilijua kabla hajafika kwenye habari yenyewe. Huku kwetu mtu anayeleta taarifa ya msiba haanzi na msiba. Anakuuliza watoto hawajambo, anakuuliza kama mvua imefika kwenu, halafu sauti inashuka. Aliniambia mama yake amepumzika asubuhi hiyo nyumbani Itiryo, kitandani kwake, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa bado yuko njiani akitokea Robanda. Hakumkuta. Nilibaki nimeshika simu huku fundi akiniambia tairi iko tayari, na sioni haya kusema kwamba nililia pale pale barabarani, mbele ya madereva wa malori na wabadilisha fedha, mtu mzima na mvi zangu.

Ninyi mnaosoma safu hii hamkumjua. Alikuwa mjane mwenye shamba la migomba na kahawa kidogo, linalopakana na kipande alichotuachia marehemu baba yangu, na ujirani wetu ulianzia kwenye mpaka huo. Kila nilipokwenda kuangalia mahindi yangu, ambayo siku zote yalikuwa mabaya kuliko yake, nilipita kumpa shikamoo, naye alinipa uji na maneno makali. Aliniita "mwandishi" kwa namna ambayo sikuwahi kujua kama ni heshima au kejeli. Aliwahi kuniuliza kama kweli kuna mtu ananilipa ili nikae niandike mambo ambayo watu tayari wanayajua. Nilimwambia yupo. Akasema basi nchi hii haina shida ya pesa, akaniongezea uji.

Namwandika leo kwa sababu ya jambo moja alilolifanya, ambalo lilisemwa vijiweni miaka na miaka, na kwa sababu ameondoka kabla sijampa jibu la maana kwa swali aliloniuliza. Alizaa mabinti wawili, hakujaliwa mtoto wa kiume. Wasiotoka kwetu niwaeleze kidogo. Kwa Wakurya, mwanamke wa namna hiyo ameachiwa njia na mila. Anatoa ng'ombe, anaoa mwanamke kijana, na watoto watakaozaliwa na kijana huyo ni wajukuu wa nyumba yake. Tunaita nyumba ntobhu. Wageni hucheka, wengine huwaza mambo yasiyokuwapo, lakini shabaha yake ni ya kawaida kabisa: bibi anapata wa kumtekea maji uzeeni, shamba linapata mrithi, na mji wake haufungwi siku akifa. Mjane huyu alikuwa na ng'ombe wa kutosha kufanya hivyo. Walitokana na mahari ya binti yake mkubwa, aliyeolewa ng'ambo, upande wa Kenya, mara tu baada ya darasa la saba.

Mipango yote ilikamilika. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye aliyeisimamia. Alitafuta binti wa familia nzuri kule Susuni, akaongea na wazazi, akatoa neno lake, siku ya kupeleka ng'ombe ikapangwa. Siku hiyo ilipofika, shemeji alitokea na vijana wa kuswaga akakuta zizi tupu. Mjane alikuwa ameshawatoa alfajiri, akawaswaga mwenyewe mpaka mnadani, na jioni alirudi na fimbo tu. Binti yake mdogo alikuwa amepata nafasi ya chuo kikuu kusomea ualimu, mkopo aliopewa haukutosheleza, na mama aliamua bila kumshirikisha mtu. Au niseme alimshirikisha mmoja, yule binti mkubwa, kwa simu, kwa kuwa ng'ombe walikuwa wametokana na mgongo wake. Huyo alimjibu kwamba ng'ombe hao walipoletwa yeye hakuulizwa anataka nini. Sasa ameulizwa, na anataka mdogo wake asome.

Msifikiri shemeji yule alikuwa mtu mbaya. Alilazimika kwenda Susuni mikono mitupu kuomba radhi kwa wazazi wa binti, na kwa mzee wa Kikurya aliyetoa neno lake hiyo ni aibu inayokaa mwilini kama homa. Alikaa muda mrefu bila kukanyaga nyumbani kwa shemeji yake. Kijiji nacho kikapata mazungumzo. Mama akienda gulioni na ndizi zake, walimwuliza wale ng'ombe wake wamefika mwaka wa ngapi chuo. Alikuwa akijibu kwamba wako mwaka wa pili na wanafaulu kuliko watoto wao, na watu walicheka, na naye alicheka. Binti alipohitimu, picha yake amevaa joho ilitundikwa ukutani mahali ambapo nyumba nyingine hutundika picha ya harusi. Mama aliifuta vumbi kila siku kwa upindo wa kitenge chake, na mgeni hakuruhusiwa kukaa akiipa mgongo.

Halafu ajira haikuja. Binti aliomba kila nafasi zilipotangazwa, akasafiri kwenda kwenye usaili, akarudi. Alijitolea kufundisha sekondari ya kata, akilipwa kile ambacho wazazi waliweza kuchanga, na miezi mingine wazazi walichanga mahindi. Kule gulioni utani ukabadilika. Walisema ng'ombe wamemaliza chuo na sasa wamekosa malisho. Huo hakuujibu. Nilikuwapo siku moja alipotupiwa, nikamwona akipanga ndizi zilizokuwa tayari zimepangika, akizigeuza moja moja, na nikajua kwamba kitu kilikuwa kimeanza kumla ndani.

Mwishowe binti alikwenda Robanda, ukingoni mwa hifadhi, akaajiriwa kwenye kambi ya watalii. Nilipopata safari ya kwenda huko kuandika habari za tembo wanaomaliza mazao ya watu, mama aliomba nimchukue. Alibeba mkungu wa ndizi mbivu na kibuyu cha maziwa ya mgando, na njia nzima hadi Mugumu alinieleza jinsi atakavyomkuta mwanae ofisini. Nilijua hakuna ofisi. Naye nadhani alijua, maana binti hakuwahi kumficha, ila kuambiwa na kuona ni mambo mawili. Tulimkuta kwenye kamba ya kuanikia nguo, amevaa sare, amekumbatia mashuka. Msimamizi wake, mama mmoja mwenye utu, alituruhusu tuingie kwenye hema moja ambalo wageni wake walikuwa wameondoka. Binti akatandika kitanda mbele yetu. Alivuta shuka, akakunja pembe, akapitisha kiganja juu mpaka pasibaki mkunjo. Mama alisimama pembeni ameshika kibuyu chake, akitazama kama mtu anayetazama mtihani.

"Umetandika vizuri," alisema. "Nani alikufundisha?"

"Wewe, mama," binti akajibu.

Nilitoka nje nikajifanya natafuta mtandao wa simu. Wakati wa kurudi mama alitazama mashamba yaliyokanyagwa na tembo, mpaka tulipoiacha Mugumu nyuma. Hapo ndipo aliponiuliza.

"Mwandishi, wewe umesoma. Niambie ukweli. Nilikosea?"

Nilimjibu kwa kirefu. Nilimwambia elimu haipotei, uchumi hupanda na kushuka, ajira za serikali ni chache, kijana msomi ana macho ambayo asiyesoma hana. Yote hayo naamini ni kweli. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu.

"Umenijibu kama redio," alisema. "Mimi nilikuuliza wewe."

Niliendesha gari.

Nimewasikia wataalamu wakijadili kama shahada ya chuo kikuu inastahili gharama yake. Huweka ada upande mmoja na mshahara upande wa pili, kisha hugombana juu ya hesabu. Kwa mtu wa mjini yawezekana hesabu hiyo inatosha. Lakini mama huyu hakutoa ada. Alitoa mkwe ambaye angemwinua kitandani, alitoa wajukuu ambao wangelia kwenye uwanja wake, alitoa uhakika kwamba akishafukiwa kutakuwa na mtu wa kuwasha moto jikoni kwake. Hayo yote yaliswagwa mnadani asubuhi ile. Na sisi tuliomhimiza, maana nasi magazetini huwa tunahimiza, mtoto aliporudi na cheti tulimwambia vijana wajiajiri. Ajiajiri kwa mtaji gani, wakati mtaji wa nyumba ndio uliomsomesha? Hasira ninayoisikia nikiandika hapa si ya kuigiza.

Ugonjwa ulipomlaza, gharama hiyo ilionekana kila siku. Binti alikuja kila alipopewa ruhusa, lakini nyumbu wanapopita upande ule wageni hufurika na ruhusa huwa adimu. Siku zilizobaki mama alikuwa peke yake na picha yake ya ukutani. Mke wa shemeji alimletea chakula, tena chakula kizuri, na majirani walimtekea maji, lakini waliokuja na ndoo walikuja pia na lile neno lao, kwamba angemwoa yule wa Susuni leo asingekuwa anaomba maji. Nilimkuta siku moja amegeukia ukutani. Nilimwuliza kama ana maumivu. Akasema maumivu anayamudu, ila anapata tabu kukaa akiwaza nani atafungua mlango ule akishaondoka.

Tulimzika Itiryo, kando ya mumewe. Miongoni mwa wanawake waliokuja alikuwapo mmoja amebeba mtoto mgongoni, sikumfahamu, akilia kuliko wageni wengi. Nilipompa pole alinieleza kwamba yeye ndiye binti wa Susuni. Aliishia kuolewa na bibi mwingine, kijiji kingine, ana watoto, hana shida. Alisema hakuwahi kujua kama mama huyu alimwacha kwa kumkataa au alimwachia huru, na kwamba siku zote alitamani kuja kumwuliza. Amekuja sasa kumzika. Kumbe sikuwa peke yangu mwenye swali lililobaki njiani.

Baada ya maziko ukoo ulikaa. Mimi niliruhusiwa kuketi pembeni kama jirani wa mpaka. Shemeji, ambaye sasa ni mzee wa kushika fimbo, aliongea taratibu na bila chuki. Alisema nyumba hii haina mtoto wa kiume wala wajukuu, na kwa utaratibu imefika mwisho. Shamba litarudi kwa watoto wake yeye, na binti aendelee na kazi yake Robanda kwa amani, akija atapokelewa kama mgeni. Halafu, na nadhani ilimtoka tu, maana jeraha la Susuni halikuwahi kupona, akasema kwamba nyumba ilikuwa na ng'ombe wa kuiendeleza, na hadi leo hakuna mtu aliyemwonyesha ng'ombe wale walikwenda wapi.

Binti alikuwa amekaa chini na wanawake. Akasimama. Alimpa baba yake mdogo shikamoo upya, kana kwamba ndiyo kwanza amefika, akasubiri mpaka aitikiwe.

"Baba, ng'ombe unaowauliza ni mimi," alisema. "Mama aliwatoa wakiwa wengi, nimerudi mmoja. Kazi ya Robanda nimeshaiaga. Nitafundisha pale kwenye kata hata kwa mahindi, nitapalilia kahawa yake, na jioni nitawasha moto humu ndani. Kama zizi la mama lina mlango, naomba nisifungiwe nje."

Mzee alichora chora udongo kwa ncha ya fimbo yake. Kisha alisema moto uwashwe, na habari ya shamba itaongewa siku nyingine, wakati watu hawana majonzi. Kikao kilipovunjika alinishika mkono akaniambia, "Mura, kijana wangu, ukiandika, usiandike kwamba tulimfukuza." Basi nimeandika kama ilivyotokea. Hiyo siku nyingine haijafika bado, na sijui itaamua nini. Wapo wapwa na watoto wa baba wadogo wengi wanaolipenda shamba lile, na cheti cha ualimu si hati ya ardhi.

Ninachokijua ni kidogo, lakini nakiweka hapa. Shahada haiwezi kubeba peke yake mzigo wote tunaoitwisha, iwe ajira, mkwe, mrithi na mtaji, halafu ikishindwa tukamcheka aliyeilipia. Tukikubali zizi litoke kwa ajili ya mtoto, basi tukubali pia mtoto huyo arudi aingie pale zizi lilipokuwa. Bila hivyo tutakuwa tumelipa mara mbili. Jioni ile, nikiondoka, niligeuka nikaona moshi ukipenya kwenye paa la jiko lake. Mama, uliniuliza mimi, na mimi ndiye ninayekujibu, nimechelewa: sijui kama shahada ile itakuja kulipa, lakini mlango ulioogopa hautafunguliwa, umefunguliwa na yule uliyemsomesha.