Ukuta Nilioufuta Runzewe

Mimi ndiye niliyechora ile chupa kubwa kwenye ukuta wa baa pale Runzewe, na sioni haya kusema niliichora vizuri. Povu lilikuwa linateremka shingoni mwa chupa mpaka wapita njia wanameza mate. Kazi ya kuandika mabango ndiyo iliyonilisha tangu nilipotoka Shinyanga, na wenye baa ndio waliokuwa wateja wangu wakubwa.

Kaka yangu alikuwa mchimbaji kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu nje ya mji. Kila asubuhi alipita mbele ya chupa yangu akienda kazini, na kila jioni alirudi amelewa chakari. Nikaunganisha mambo hayo mawili. Nikajiona namuua ndugu yangu kwa brashi yangu mwenyewe, na wazo hilo lilinitesa kweli.

Kwa hiyo amri ilipokuja kwamba matangazo yote ya pombe yafutwe kwenye kuta za mji, nilikuwa wa kwanza kubeba ngazi. Nilipaka rangi nyeupe mara tatu, maana ile nyekundu ilikuwa king'ang'anizi. Mama mwenye baa alisimama pembeni, akacheka.

"Futa, baba, futa. Wateja wangu njia wanaijua hata wakifumba macho."

Nilimwona hajui kitu. Wiki ile nililala usingizi mzuri.

Kaka aliendelea kurudi vilevile. Nikashikwa na hasira, nikamkalisha barazani, nikamuuliza sasa anavutwa na nini, na chupa haipo.

"Chupa gani?"

"Ile ya ukutani! Si unapita pale kila siku?"

Alinitazama kwa huruma, utadhani mlevi ni mimi. "Mdogo wangu, bia sijaigusa siku nyingi. Sisi tunakunywa gongo. Gongo nani kaitangaza?"

Ndipo akanieleza utaratibu wa duara lao. Kabla ya kushuka, mwenye duara huleta kidumu cha gongo, na kopo moja linazunguka kwa wote. Anayelikataa hapewi kamba ya kushukia. Wenzake wanasema mtu mkavu ana woga, na woga wake utawaangushia mwamba wote. Wakipanda, kopo linazunguka tena, la kutoa baridi ya chini. Baada ya hapo, mtu anajitafutia gongo yake mwenyewe mpaka jioni.

"Acha hilo duara. Twende Ushetu tukalime tumbaku."

"Nduhu, mdogo wangu. Hamna. Mimi nimeshakwisha."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, nami nilichukia. Nilikuwa nimeshafuta ukuta. Ningeshindwa na kopo? Kesho yake alfajiri nilitangulia machimboni. Nikamwamkia mwenye duara shikamoo, nikamsihi amwache kaka yangu ashuke bila kunywa. Alikuna kichwa, akatazama vijana wake, akakubali. Wachimbaji walinung'unika, lakini kopo likampita kaka. Alilifuata kwa macho hadi kwa mtu wa mwisho.

Nilijisikia mshindi. Sikuitazama mikono yake. Mtu aliyekunywa gongo kila asubuhi kwa miaka hana mkono mtulivu asipoipata, na jambo hilo kila mtu pale alilijua isipokuwa mimi, fundi wa rangi. Kamba ilimponyoka kabla hajafika nusu ya shimo.

Hakuna aliyenilaumu. Ningefurahi kama wangenitukana. Msalaba wake niliupaka mwenyewe, kwa rangi nyeupe iliyobaki kwenye ndoo ya ukuta wa baa, nikaandika jina lake kwa herufi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika.

Tulipomaliza kufukia, mwenye duara alileta kidumu. Wachimbaji wakasimama kuzunguka kaburi, kopo likaanza kupita kwa mmoja mmoja. Lilipofika kwangu sikulikataa.