Kioo cha Bluu na Uso wa Ngalula

Siku yangu ya kwanza kwenye tanuri la shaba, hapo Lubumbashi, shefu wa tanuri, yaani msimamizi wetu, alinipa vitu vitatu: koti zito la turubai, glavu za ngozi zilizofika hadi kwenye viwiko, na kofia yenye kioo cha bluu mbele. Kioo kile kilikuwa na bawaba. Uliweza kukishusha mbele ya macho au kukipandisha kwenye paji la uso. Shefu alikigonga kwa ukucha mara mbili.

"We muntu wa Lukafu, sikia," aliniambia. "Hii kioo haiko ya kujipamba. Moto inakula macho pole pole, hautasikia ata maumivu. Ukiipandisha, ni weye na macho yako."

Nikajibu, "Ndiyo, shefu." Hazikupita dakika kumi nilikuwa nimekwisha kukipandisha.

Nawaandikia ninyi vijana mnaofanya kazi za moto leo, na sitaki kuwadanganya kwamba kuna mtu alinilazimisha. Walifungua mlango wa tanuri nikaona shaba iliyoyeyuka, nikasahau hata jina langu. Nilikuwa nimekulia kijijini Lukafu, kwenye mashamba ya mahindi, na moto mkubwa nilioujua ni ule wa kuchoma nyasi. Huu ulikuwa umetulia kama maji ya kisima, na juu yake rangi zilipita moja baada ya nyingine, nyeupe, dhahabu, kijani, nyingine sikuwa na jina lake. Kupitia kioo vyote vilikuwa bluu tu. Niliogopa, lakini nikaendelea kutazama.

Baadaye nikawa msomaji wa shaba. Kazi hiyo siku hizi imeachiwa mashine, kwa hiyo niieleze. Shaba iliyoyeyuka hubaki na hewa ndani yake. Kuitoa, tulisukuma magogo mabichi ndani ya tanuri, na shaba ikachemka kwa kishindo na ndimi za moto za kijani. Kisha msomaji alichota kidogo kwa kijiko chenye mpini mrefu, akamimina kwenye kikombe cha chuma na kusubiri igande. Ikibonyea katikati, hewa bado imo. Ikivimba, tumepitiliza. Ikitulia sawasawa, na ukiivunja ndani ina wekundu mwororo wa waridi, basi imeiva, watu wamimine. Wekundu ule hauonekani kupitia kioo cha bluu. Kila msomaji alikipandisha kwa kupepesa jicho tu, akakishusha. Mimi nilikipandisha nikakiacha hukohuko juu.

"Kalenga!" shefu alikuwa akipiga kelele kutoka upande wa pili. "Moto haiko bibi yako! Shusha kioo!"

Nilikishusha, akigeuka nikakipandisha.

Kutoka hapo nilihamishiwa Likasi, chini ya injinia mmoja kijana aliyekuja na vipimo vyake kwenye sanduku. Alikuwa mpole, na kila mara baada ya kusoma vipimo alinigeukia. "Mashine inasema iko bon," alisema. "Weye, papa Kalenga, unasema je?" Nikisema bado, alisubiri. Nilitembea mjini kifua mbele, maana injinia mzima hakumimina shaba mpaka macho yangu yakubali. Macho yale ndiyo yalikuwa cheo changu, sikuwa na kingine.

Nilistaafu nikarudi Lukafu kulima mahindi na maharage. Mke wangu, Ngalula, aliyezaliwa Lubumbashi katika familia iliyotoka Kasai, alinifuata kijijini bila kunung'unika, akafia huko. Mwaka uleule binti yetu Odette, aliyebaki Lubumbashi, alijifungua mtoto wa kike, akampa jina la mama yake. Nilimwona mara moja tu, akiwa mchanga, amefumba macho. Barabara yetu mnaijua, miaka ikapita tukiongea kwa simu. "Papa, anafanana na mama, sawa sawa!" Odette aliniambia kila mara. Na kila mara nilipokata simu, ukungu uliokuwa umeanza kunitanda machoni ulikuwa umezidi kidogo.

Sikumwambia mtu. Niliona aibu, mimi msomaji wa shaba, kusema sioni. Tena nilijua wakijua watanizuia mjini, na shamba langu litaota majani. Lakini mwaka huu, Odette aliponiita kwa ajili ya komunyo ya kwanza ya mtoto, nilipanda lori. Nilitaka jambo moja tu, kuuona uso ule kabla ukungu haujafunga kabisa. Mfukoni nilibeba rozari ya marehemu nimpe.

Walinipokea kwa kelele na vicheko. Ngalula, ana miaka minane sasa, alinishika mkono tangu kwenye lori na hakuuachia. Nilimwinamia karibu kabisa, nikaona kivuli chenye sauti.

Wiki ile walinitembeza kama waziri. Tulikwenda kuona roboti inayoongoza magari kwenye njia panda. Ngalula aliniita nkambo, yaani babu. "Nkambo, ona, inanyoosha mukono!" Tukaenda kwenye bustani ya wanyama. "Nkambo, tausi anafungua mukila!" Nami nilikuwa na mbinu yangu: nasubiri wengine washangae, halafu nashangaa kuwapita. "Ai, rangi hizo!" nilisema mbele ya tausi. Nilichokiona ni moshi.

Siku moja tulisimama kwa mama anayechoma mahindi kando ya barabara. Joto la mbabula, lile jiko lake la makaa, lilinipiga shavu la kushoto kwa namna ninayoijua, na harufu ya punje zinazoungua ikaja nalo. "Mama, geuza, hilo la mwisho linaungua," nikamwambia. Ni kweli, lilikuwa linaungua. Familia nzima ilicheka kwa furaha. "Macho ya nkambo ingali makali!" akasema Odette. Nami nikacheka, mnafiki mkubwa.

Ikafika Jumapili ya komunyo. Baada ya misa, uwanja wa kanisa ulijaa vitu vyeupe vinavyokimbia huku na huku. Kitu kimoja cheupe kikasimama mbele yangu. Nikajua ni yeye. Nilitoa rozari nikamvalisha shingoni, nikaanza hotuba niliyoiandaa njia nzima kutoka Lukafu: kwamba ilikuwa ya nkambo yake wa kike, kwamba nimefurahi kumwona, kwamba kweli ana uso wa marehemu, hawakunidanganya.

"Nkambo," sauti ngeni ikasema, "miye niko Debora."

Nyuma yangu mkono mdogo ukashika wangu. Ulikuwa mkono ninaoujua.

"Nkambo," Ngalula alisema polepole, "weye hauone?"

Nilifanya kazi miaka mingi karibu na moto, lakini sijawahi kuungua kama siku ile. Nikamwambia, "Hapana, mama. Sioni." Ngalula alimwomba Debora rozari kwa adabu, akairudisha mfukoni mwangu. "Utanivalisha siku utaniona," akasema.

Nyumbani Odette alikasirika mpaka akalia. "Papa! Shi ulisema tausi iko na rangi muzuri? Sasa ulikuwa unaona nini?"

"Moshi," nikasema.

Jumatatu walinipeleka kwa daktari wa macho. Alimulika jicho la kulia, akamulika la kushoto, akauliza nilifanya kazi gani. Nikamwambia. "Na kioo cha bluu, ulikuwa unavaa?"

"Mara mojamoja," nikasema. Alicheka, akaandika. Ni mtoto wa jicho, alisema, na wa namna ile hupenda watu wa tanuri. Hutolewa, ila yeye hatoi ahadi mpaka afungue.

Kwa hiyo, vijana, shusheni kioo. Nasema hivyo kwa moyo wote. Shefu wangu alisema kweli na mimi nilikuwa mkaidi. Lakini mkiniuliza kama najuta, hapo naona haya kujibu.

Walipasua jicho la kulia. Kesho yake muuguzi alibandua bandeji mbele ya dirisha, na kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa mkono wangu mwenyewe, mishipa yote, na kovu la cheche ya Likasi nililokuwa nimelisahau. Kisha dirisha. Nje palikuwa na bidoo ya njano, lile dumu la maji, udongo mwekundu, na jakaranda imemwaga maua yake ya zambarau juu ya ukuta. Mungu wangu! Bidoo ya njano tu, na mimi mtu mzima nilitokwa na machozi. Watu walipita kando ya vitu hivyo bila kugeuza shingo.

Muuguzi akanivalisha miwani nyeusi. Wiki mbili nisiivue mchana, dokta amesema. Odette akairudia amri kwa sauti kubwa. Ngalula akaingia na gauni lake jeupe, alilolivaa tena kwa makusudi, akasimama mbele yangu. Kupitia miwani alikuwa wa kijivu, na gauni la kijivu, na ukuta wa kijivu.

"Nkambo, unaniona?"

Nilitoa rozari. Nikaipandisha miwani kwenye paji la uso.

"Papa, shusha!" Odette akapiga kelele.

Hakufanana na marehemu. Paji la uso lilikuwa langu, pengo la meno lilikuwa lake mwenyewe, na mashavu yalikuwa na wekundu mwororo chini ya weusi, ule niliousubiri kila zamu maishani mwangu. Nilimvalisha rozari bila kupapasa. Odette alikuwa bado anapiga kelele, na mimi nilikuwa bado natazama.