Nilimutia Bwana Yangu mu Purgatori Mbele ya Wageni

Mucheke tu, haiko kitu, hata mi nilishacheka, kisha nikalia, lakini aibu ya siku ile ya kumaliza matanga ya bwana yangu Anaclet inanifuata mpaka leo, kila ninapopita mutaa wa Mangobo na kuona viti vya plastiki vimepangwa mbele ya nyumba ya mutu.

Bon. Anaclet alikuwa muvuvi wa kabila ya Wagenia, alifunga mitego ku maporomoko ya muto tangu ujana wake, na alikufa hasemeshani na mudogo wake Lokinda, juu ya fasi ya kufunga mitego waliyoachiwa na baba yao. Mwaka mzima wa kilio nilikuwa nalilia kitu kimoja tu: misa ya roho yake, na Lokinda ndani, aseme mbele ya altare ya kuwa amemusamehe. Nilienda kumubembeleza mpaka akasema, "Sawa, shemeji, nitakuja." Misa ilipangwa asubuhi, kesho yake ya kumaliza matanga.

Alors mutoto wetu wa kwanza, Dieudonné, ambaye siku hizi anasali ku kanisa ya uamsho, akatuletea pasta wake, Pasta Élysée, kijana wa suti ya bluu na sauti sawa ya mutu anayeita abiria ku pirogi, mutumbwi wa kwenda Yanonge. Watu wanakula pondu, majani ya muhogo, na samaki, na yeye ananigeukia:

"Mama, hiyo misa ya kesho ni ya nini? Papa alishakufa, alishaamuliwa. Hiyo purgatori, fasi ya kusafisha roho, iko wapi mu Bibilia?"

Ningekula tu! (Marehemu mama yangu, Suzana, alikuwa anasema kinywa chenye fufu hakibishani.) Lakini mi nikaweka sahani chini. Shule niliacha mapema, ila mafundisho ya katekista wetu Papa Boniface nayashika yote, nikamujibu kwa nguvu:

"Iko! Mu kitabu cha Wamakabayo! Waaskari walikufa na sanamu chini ya nguo, wenzao wakawaombea. Mutu iko mbinguni, utamuombea nini? Iko motoni, utamuombea ya nini? Donc, fasi ya katikati iko."

Watu wote wakanigeukia na sahani zao. Nikasikia utamu, na pale ndipo nilipopotea.

"Na Papa Anaclet," pasta anauliza polepole, "alikuwa na uchafu gani wa kusafishwa?"

"Mi nilizaa naye, namujua! Motoni hawezi kwenda, alikuwa mutu mwema. Lakini wivu alikuwa nao, pombe ya lotoko alikunywa hata mu Kwaresima, na alimunyima mudogo wake huyu hapa fasi ya mitego sawa mutu wa kuokotwa!"

Lokinda aliacha kutafuna. Dada yao, Georgine, akasimama na kijiko mu mukono.

"Véro! Kaka yetu iko mu moto? Siku ya matanga yake?"

"Si moto ule! Moto mwingine, wa muda!"

"Wa muda! Mama Albertine, Charlotte," akawaitia wageni wengine, "musikilize mujane!"

Pasta akainua mikono. "Tusigombane. Mama anionyeshe hiyo Wamakabayo mu Bibilia, na kesho hata mi nitakuja ku misa."

"Na kama haiko," nikasema (nani alinituma?), "misa hakuna!"

Bibilia yangu ilikuwa mu sanduku chini ya kitanda. Magoti yalikuwa yananiuma, na Bibilia ya pasta ilikuwa palepale ku meza, nene, na zipu yake. Nikajisemea Bibilia ni Bibilia, sawa chumvi ni chumvi. Mujukuu wangu Exaucée akaifungua, akapekua, akapekua tena.

"Koko, Wamakabayo haimo. Malaki, kisha Matayo."

"Lete!" Nikamunyang'anya, nikafunua kurasa kwa hasira, mpaka Georgine akasema, "Véro, umeishika kichwa chini." Wee, kile kicheko! Pasta tu ndiye hakucheka, alinihurumia, na ile huruma iliniuma kupita kicheko. Dieudonné akasema, "Mama, ulisema mwenyewe," akatuma mutu ku parokia kuvunja misa.

Lokinda alikuwa ameshatoka, nikamukimbilia ku njia. Akanijibu bila kugeuka:

"Si ulisema iko anapikwa? Acha aive."

Kisha Papa Boniface akanieleza ya kuwa Bibilia ya kina pasta haina vile vitabu, na yetu ya Wakatoliki iko navyo. Akafungua ile ya sanduku: Wamakabayo hii hapa! Nikashangilia. "Na neno purgatori, liko ukurasa gani?" Akakohoa. "Lile neno, Mama Véro, haliko. Kuombea wafu iko. Paulo naye anasema mutu ataokoka sawa mwenye kupita mu moto. Mambo ingine Kanisa ilielewa polepole." Nikachukua ile Bibilia mpaka kwa Dieudonné. Hata hakuishika. "Mama, hiyo mambo ilishaisha." Wale waliocheka, hata mumoja hakuja kuona ukurasa.

Misa ilikuja kusomwa kisha, siku ya kazi. Mi na Papa Boniface ku benchi ya mbele, nyuma yetu benchi tupu. Niliweka pagne yangu, kitenge changu, pembeni, kushika fasi ya Lokinda, mpaka padri akatubariki na kutuaga.

Leo mutu akiniuliza purgatori iko wapi mu Bibilia, mi naongeza pondu ku sahani, nakula. Siku ile nilitaka kushinda pasta, na Anaclet ndiye aliyeshindwa.