Siku Makanisa Matatu Yalipokutana Sebuleni Kwangu

Acheni niwaambie mwenyewe, kwa sababu hapa Langas, mtaa wetu wa Eldoret, kila mtu ana namna yake ya kuisimulia hii habari na zote zinanifanya nionekane mjinga kuliko nilivyokuwa. Mjinga nilikuwa, sikatai. Aibu niliipata, tena niliipata nikiwa nimevaa suti, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, mbele ya watu karibu hamsini, macho yakiwa yamefungwa. Lakini afadhali muipate kwa mwenyewe, kamili, kuliko vipandevipande kutoka kwa vinyozi.

Kwanza mjue ni nani anayewasimulia. Mimi Barasa nilizaliwa Moi's Bridge, baba akiwa kibarua katika shamba la mahindi la mtu, na leo nina gesti ya vyumba kumi na viwili kando ya barabara ya Kisumu, yenye maji moto asubuhi na jioni (muulizeni yeyote aliyewahi kulala pale). Nina diploma ya usimamizi wa hoteli. Si cheti, ni diploma. Doha, kule Qatar, nilikaa miaka tisa, nikaingia kama mbeba mizigo na nikatoka nikiwa msimamizi wa mapokezi, chini yangu watu wa nchi sita, wote wakiniita bosi, na hakuna mjomba wala shangazi aliyenishika mkono.

Kwa hivyo niliporudi na kuona barabara za mtaa wetu zilivyo matope tupu, taa hakuna, mitaro imejaa takataka, nikasema mtu aliyesimamia hoteli ya ghorofa ishirini hawezi kushindwa na wadi moja. Nikatangaza kwamba nawania kiti cha mwakilishi wadi. Katika mchujo wa chama mpinzani wangu wa kweli alikuwa mmoja tu, Hassan, muuza mbao, mtu mpole asiyejua kuhutubia, hana masomo yangu (nalisema hili bila ubaya), tena Mwislamu katika mtaa ambao kila kona ina kanisa. Nikamwambia mke wangu Everline, "Hiki kiti tumeshakikalia."

"Umekalia nini na kura hata haijapigwa?" akaniuliza. Everline ndivyo alivyo.

Balaa lilianzia dukani kwa Mama Wanjiku. Huyu mama ndiye kiongozi wa akina mama katika kanisa la Jumapili lililo karibu na soko, na neno likitoka kwenye duka lake saa mbili asubuhi, saa nne limefika mtaa mzima. Nilikuwa nimeenda kununua mkate. Akaniuliza mbele ya wateja, "Meneja, gari tunaiona, suti tunaziona. Kwani wewe unaabudu wapi?"

Sasa, ukweli ni kwamba Doha mapumziko ni Ijumaa na Jumapili ni siku ya kazi kama nyingine, na mtu akiishi hivyo miaka tisa mazoea ya kanisani yanamtoka, na niliporudi sikuyatafuta tena. Jumapili mimi hulala. Ningesema hivyo tu, yangeisha. Au ningesema jambo ninaloliamini mpaka leo, kwamba changarawe ikimwagwa barabarani haiulizi aliyeileta anasali wapi. Lakini watu walikuwa wanasikiliza, nami nilikuwa na haraka, nikajibu, "Si naabudu na nyinyi, mama."

"Haleluya!" akapiga makofi. "Na mbona hatukuoni?"

"Huwa nakaa nyuma."

Kabla wiki haijaisha akaja Askofu Wekesa, wa lile kanisa la kanzu nyeupe na ngoma, ambalo waumini wake wengi ni watu wetu wa kutoka magharibi. Akasimama mapokezi kwangu amenuna. "Mtoto wa nyumbani, tunasikia umetukimbia?" Nikamwambia sijakimbia, roho yangu iko kwao. Halafu akaja Mzee Kiptoo, mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa la Jumamosi, mtu ambaye hata salamu yake unaisikia kama swali la mtihani. Huyo naye nikamwambia Jumamosi ni siku ninayoiheshimu sana. Kusema kweli, hapo nilikuwa nimeshazoea.

Nilichosahau ni kwamba huku kwetu mtu akishasema yeye ni muumini, haachwi hivyo hivyo. Kwanza analetewa kalenda ya kanisa, ile kubwa ya kutundikwa ukutani, yenye picha ya mchungaji na mkewe. Nikaletewa tatu. Pili, anaandikwa kwenye zamu ya ibada za nyumbani, zile ambazo waumini huzunguka nyumba hadi nyumba, wanaomba, wanaimba, kisha mwenye nyumba anawapa chai. Nikaandikwa zamu tatu, na wote walitaka zije kabla ya mchujo ili waniombee.

Mtu mwingine angechanganyikiwa, lakini mimi kazi yangu ilikuwa kupanga wageni. Doha chumba kilikuwa kinatoka mgeni saa sita na saa saba kinaingia mwingine asijue kama kuna mtu amelala pale. Nikapanga wote Jumapili moja, ili tupike mara moja: Mama Wanjiku na kundi lake saa nane, kanzu nyeupe saa kumi, Mzee Kiptoo na watu wake saa kumi na moja na nusu. Chai ya maziwa kwa wa kwanza na wa pili, kinywaji cha soya kwa watu wa Jumamosi kwa sababu hawanywi majani ya chai. Kalenda zote nikazitundika kwenye msumari mmoja, ya wanaokuja ikae juu, wakitoka naihamishia chini. Niliuona ni mpango wa kitaalamu kabisa.

Everline alikuwa anasukuma chapati. Akaniangalia. "Baba Brian, hao si wageni wa hoteli. Nani atamwambia askofu saa yake imeisha?"

"Wewe pika," nikamwambia. (Mniwie radhi. Yeye ameshaniwia, ilichukua mwezi.)

Saa nane ikafika, hakuna mtu. Saa tisa, hakuna mtu. Kanisani kwa Mama Wanjiku kulikuwa na mhubiri mgeni kutoka Nakuru, naye mtu akitoka mbali hivyo haambiwi aketi. Wakafika saa tisa na nusu wakiimba, wakajaa sebuleni, wakaanza kwa sifa, na sifa hazikuwa na dalili ya kuisha. Saa kumi kasoro dakika kumi nikaisikia ngoma. Watu wa kanzu nyeupe hutembea kwa msafara, na siku hiyo, ili kuniheshimu mimi mgombea wao, walikuwa wameanza msafara mapema.

Nikatoka mbio mpaka getini. Mjue kwamba katika kazi yangu nimewahi kuwazuia wageni wa harusi nzima kwenye ukumbi wa mapokezi kwa tabasamu tu, nikawatumia tabasamu hilo hilo. Nikawaambia ndani panaandaliwa, wazunguke bustanini nyuma kwanza. Wakakubali vizuri. Nilipoingia sebuleni Mama Wanjiku akafungua jicho moja. "Ni nani hao wenye ngoma?"

"Ni majirani, mama. Wanapita tu."

Lakini hawakupita. Walisimama chini ya dirisha, na Askofu Wekesa, ambaye sauti yake haijawahi kuhitaji kipaza sauti, akaanza kuomba: "Mbariki ndugu yetu Barasa, muumini wa kanisa hili tangu tumboni mwa mama yake!" Mama Wanjiku akafungua na jicho la pili.

Na hapo ndipo mvua ikaja. Mnaijua mvua ya Eldoret ya alasiri, haibishi hodi. Ilikuja na mawe makubwa, yanapiga mabati kama mtu anayemwaga kokoto, na mimi nikiwa mwenye nyumba singeweza kuwaacha watu wazima wenye kanzu nyeupe wakipigwa na mawe bustanini. Nikafungua mlango wa nyuma. Wakavua viatu kwanza, wote, kwa sababu wao hawaombi wakiwa na viatu, jozi zikajipanga mpaka jikoni, wakaingia wakitiririka maji na ngoma yao. Makundi mawili yakatazamana. 

"Majirani," akasema Mama Wanjiku.

"Mama, ngoja nikueleze..."

"Eleza pole pole, mvua ni ndefu."

Nikasema kwanza wapate taulo wakauke, nikazungukazunguka hivyo zaidi ya saa nzima, na kabla sijaeleza Mzee Kiptoo akapiga hodi. Alikuwa na watu wanane, kila mmoja na mwavuli wake, na ilikuwa saa kumi na moja na nusu kamili, si dakika moja mbele wala nyuma. (Katika wote siku ile, ni yeye tu aliyeheshimu ratiba yangu, na bado ndiye aliyenimaliza.) Akaangalia sebule, akaangalia viatu, akaangalia kanzu. Hakuuliza lolote. Nafikiri alitaka kutuokoa sote katika ile aibu, kwa sababu alisema kwa upole, "Basi tutarudi wiki nyingine. Hebu nione tarehe." Akaiendea kalenda.

Juu ilikuwa ya kanisa la Mama Wanjiku. Akaifunua apate mwezi unaofuata, akakutana na uso wa Askofu Wekesa. Akaifunua hiyo, akakutana na mchungaji wake mwenyewe, chini kabisa, amekunjwa pembe. Akazitoa zote tatu msumarini, akazipanga mezani moja baada ya nyingine kama karatasi za mtihani zilizofanana majibu.

"Barasa," akasema. Hakuniita Meneja kama mtaa unavyoniita. "Tueleze."

Nikasimama. Nilikuwa na hotuba nzuri kuhusu jambo hili na nikaitoa yote. Nikawaambia dini ya mgombea isiwe kitu, kwamba hospitali haiulizi mgonjwa anasali wapi, kwamba wao wenyewe ndio walionilazimisha kwa kuniuliza maswali yasiyohusu mitaro wala taa. Nawaambieni ilikuwa hotuba kali. Hata Everline alisimama mlangoni na upawa akasikiliza.

Mzee Kiptoo akangoja nimalize. "Umesema vizuri. Sasa ni dini gani hiyo ambayo isiwe kitu? Maana mimi bado sijaijua yako."

"Aombe," akasema Askofu Wekesa. "Chakula kipo. Aombee chakula, sote tusikie."

"Ee, aombe!" wakaitikia.

Wakasimama wote, wakafumba macho. Nikafumba na mimi. Na ndani ya kichwa changu, nawaapia, hakukuwa na kitu. Mara ya mwisho kuomba mbele ya watu nilikuwa na miaka kumi na minne. Nikafungua mdomo na ulimi wangu ukachukua njia pekee uliyoizoea mbele ya umati, njia ya miaka tisa. Nikasema, "Baba wa mbinguni, tunakushukuru kwa kuchagua kuwa nasi leo. Tunatumaini umefurahia huduma zetu. Ukiwa na lalamiko lolote, tafadhali utuarifu kabla ya kuondoka. Tunakutakia safari njema, na karibu tena. Amina."

  Mpiga ngoma, sijui ni mazoea au ni uchokozi, akapiga pigo moja, bum, na Mama Wanjiku akaangua kicheko, akacheka mpaka akakalia kanzu ya mtu, na sebule nzima ikafuata, watu hamsini wakinicheka katika lugha nne.

Mzee Kiptoo peke yake hakucheka. "Umetuambia tukiwa na lalamiko tuseme," akaniambia. "Tunalo."

Nitasema jambo moja la kujivunia hapa na nalisema kwa haki: chakula kilitosha. Watu hamsini mahali pa ishirini, na hakuna aliyekosa chapati, na soya iliwafikia wanaokunywa soya na chai ikawafikia wanaokunywa chai. Walikula pamoja kwa sababu mvua iliwazuia, wakaishia kuimba pamoja, wakaondoka wakisindikizana. Mimi hakuna aliyenisindikiza popote, nilikuwa kwangu.

Mchujo ulipofika nilianguka vibaya. Hassan alichukua hata kura za mtaa wangu. Hilo liliniuma kuliko kicheko, kwa sababu nilishajitetea moyoni kwamba wamenikataa kwa mambo ya kanisa, na sasa kanisa zima limeenda kumpigia Mwislamu. Nikashindwa kuvumilia, nikaenda dukani kwa Mama Wanjiku, nikamwambia wazi, "Mama, si ulitaka mtu wa kanisani?"

Akanipimia sukari kwanza. "Mimi nilikuuliza swali moja, Meneja, na Hassan nilimuuliza hilo hilo. Akaniambia yeye ni Mwislamu, na kwamba Ijumaa saa saba kiwanda chake cha mbao kinafungwa aende msikitini. Basi nikaenda Ijumaa saa saba kutafuta mbao."

"Ikawaje?"

"Nikakuta pamefungwa." Akanipa sukari yangu. "Mtu akiniambia la Mungu wake nikaenda nikalikuta hivyo, hata la mtaro nitamwamini."

Nikaipokea nikaenda zangu, hata chenji sikungoja.

Hassan alishinda hata uchaguzi wenyewe, na mitaro ya mtaa wetu inachimbwa sasa, nimepita nikaona, na kazi si mbaya ingawa mimi ningeisimamia vizuri zaidi. Uchaguzi ujao nitasimama tena, msidhani nimeogopa. Diploma haijafutika na gesti inajaa kila mwisho wa juma. Ila nimeapa mbele ya Everline, na sasa naapa mbele yenu: mtu akiniuliza naabudu wapi, awe dukani, awe mkutanoni, awe na kanzu au bila kanzu, nitamwambia Jumapili huwa nimelala mpaka saa nne. Asiponiamini, aje abishe mlango.