Hadithi ya Chatu Mahakamani Biharamulo

Niliondoka nyumbani kwa hasira. Mwenyekiti wa kijiji chetu, huku Nyarubungo, alitaka kukata mivumu mitatu, miti mikubwa inayofunika chemchemi, achomee matofali ya ofisi yake. Chemchemi ikikauka, atakayepanda mlima na ndoo kichwani na mtoto mgongoni ni mimi, si yeye. Mume wangu alikuwa vitani. Nikamshtaki Mwenyekiti mahakama ya mwanzo, Biharamulo. Hakimu akauliza katazo la kukata limeandikwa wapi. Halijaandikwa. Limo katika hadithi ya chatu, na mwenye hadithi ni mama mkwe wangu, aliyekuwa Kirushya, Ngara, akimuuguza dada yake. Nikapewa mpaka Alhamisi.

Jumatatu alfajiri nilipata lori la maharage, maana malori mengine yote yalichukuliwa kwenda vitani. Mwanangu akamtapikia karani wa ushirika tuliyepanda naye. Karani akasema si kitu, kisha akahamia gunia la mbali.

Kirushya, Jumanne mchana, nilimkuta mama mkwe akimenya ndizi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mbona umekonda? Mwanangu hayupo, ndiyo hupiki?"

"Nimekufuata ukasimulie hadithi ya chatu mahakamani. Alhamisi, saa nne asubuhi."

Akaweka kisu chini. "Hadithi mchana? Niote mkia uzee huu?"

Nimefika kidato cha nne. Nikamwambia mkia hauoti. Akanijibu kwamba ndiyo maana sina hadithi hata moja. Akakubali kupanda lori tu, kusimulia hapana.

Biharamulo, Alhamisi. Mama mkwe aliapa, akakataa kusimulia. Ikabidi nieleze habari ya mkia, kwamba asimuliaye hadithi mchana huuota. Mwenyekiti alicheka mpaka akakohoa. Wazee wa baraza hawakucheka.

"Ndugu Hakimu," mmoja akasema, "huota kweli."

Hakimu akaamuru madirisha yafungwe, taa ya chemli iwashwe. Saa nne asubuhi ukaingia usiku wa serikali.

Basi mama mkwe akasimulia. Chatu alihamia chemchemi, akasema: nitawatunzia maji, nanyi nitunzieni kivuli. Mtu mmoja akakata mvumu. Chatu akayakunja maji kama mkeka, akaondoka nayo. "Yule mtu akamfuata siku mbili akimbembeleza..."

"Tatu," ikasema sauti gizani. "Siku tatu, Mama. Tena alibeba maziwa. Usiyaruke maziwa."

Hakimu akasogeza taa. Alikuwa Mwenyekiti.

"Kumbe katazo unalijua, ndugu?"

"Bibi yangu alinisimulia," akasema, akainama.

Mivumu isiguswe: ndiyo hukumu. Karani wa mahakama akaiandika hadithi yote jaladani, na maziwa yake.

Kurudi, lori lilikuwa moja tu, tukapanda na Mwenyekiti. Nilikwenda nikidhani hatuna sheria. Nikarudi nikijua tunayo, na kwamba hata mvunjaji aliikariri tangu utotoni.

Njiani mama mkwe akaniomba nimkague mgongoni. Nikamkagua. Hamna kitu.

Mwenyekiti alikuwa amekalia gunia upande upande. Akajisogeza.

"Shemeji," akasema polepole, "na mimi nilisimulia kidogo. Hebu niangalie."

Nikamwambia akaangaliwe na mkewe.