Piko Miguuni mwa Mama

Mama alianza kusimama kwenye kila baraza. Tukitoka nyumbani Ng'ambo kwenda sokoni Darajani, mwendo ambao zamani aliumaliza bila kugeuka nyuma, sasa akipiga hatua chache tu, kasimama: shikamoo huku, habari za watoto kule, mgonjwa wenu hajambo? Watu aliokuwa hawasemeshi tangu mimi mdogo, akawa anawauliza mpaka hali za kuku wao. Mjomba, kaka yake, alimtania kwamba anautaka ukubwa wa mtaa. Mimi ilinichukiza, maana nilikuwa na makapu mawili mkononi na jua linaniwakia utosini. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa akingoja maumivu ya shavu la mguu yapoe.

Kisukari alikuwa nacho miaka mingi, na sote tulikizoea kama mtu anavyomzoea mpangaji. Miguu yake ilishaanza kufa ganzi. Kandambili ikimvuka njiani, aliendelea kutembea na mguu mtupu bila habari, mpaka mtu amwite: "Bi mkubwa, kiatu hicho nyuma!" Alicheka, nasi tukacheka.

Mwaka ule nilikuwa naolewa. Yalikuwa yamepita miaka michache tu tangu Mapinduzi, na harusi zilikuwa ndogo, lakini hina hatukuiacha. Mimi nilipomaliza kuchorwa, mama aliomba piko iliyobaki, ile rangi nyeusi ya kuchorea, akaingia nayo ndani na kufunga mlango. Alipotoka, vidole vyote vya miguu vilikuwa vyeusi tititi, kucha na nyama zake. Wanawake walipiga vigelegele, wakasema mama wa bibi harusi naye anatafuta mume. Mjane wa umri wake, kwa kawaida, angetosheka na hina kidogo kwenye nyayo. Hakuna aliyeuliza kwa nini kajipaka mwenyewe.

Fungate ilipokwisha nikaenda kumwamkia. Chumba kilijaa moshi wa udi, mchana kweupe, na chini ya udi kulikuwa na harufu nyingine. Nilimfunua kanga miguuni. Kidole kidogo cha mguu wa kulia na jirani yake vilikuwa vimekauka, vigumu, na weusi wake haukuwa wa piko peke yake.

"Toka lini, mama?"

"Kabla ya hina," akasema. "Ungeiahirisha harusi, nnakujua."

Nilimkasirikia vibaya sana. Kisha hasira ikanitoka, na mahali pake hapakuja kitu.

Hospitali tulipokewa na daktari Mchina na mkalimani wake. Daktari alitaka kuona rangi ya kucha, ajue damu inafika wapi, na kucha zote kumi zilikuwa nyeusi. Alisugua kwa spiriti. Piko haitoki kwa spiriti, inangojwa ikue na ukucha. Nilimweleza mkalimani, naye akaeleza kwa maneno mengi kuliko yangu, na daktari akanitazama kwa mshangao. Basi akatumia vidole vyake. Aliviweka juu ya mguu, akangoja. Akaviweka nyuma ya kifundo, akangoja tena. Mapigo hakuyapata mpaka nyuma ya goti.

Majibu ya damu na mkojo yalipotoka, mkalimani alituambia kwamba mishipa inayopeleka damu mguuni imeziba, na figo nazo zimechoka, na yote mawili ni kazi ya sukari. Nchi za mbali, akasema, ziko mashine za kusafisha damu ya mtu ambaye figo zake zimekufa. "Na hata hao, daktari anasema, miguu huwasumbua vivi hivi." Kwetu mashine hakuna. Mguu usipokatwa chini ya goti, uozo utapanda na kumuua. Ukikatwa, huenda figo zisihimili.

Nikauliza lipi bora. Mkalimani hakumtafsiria daktari swali langu. "Hilo na yeye hajui, dada," akasema.

Mama alikuwa amesikiliza yote, mikono mapajani. "Harusi ishapita," akasema. "Wambie wakate."

Mguu tulikabidhiwa sisi. Mjomba aliufunga kwa bafta nyeupe, akaenda kuuzika makaburini, maana kiungo cha Muislamu hakitupwi. Jirani mmoja alinikuta uani, akanishika mkono na kuanza kunipa pole ya msiba, akanyamaza katikati, hajui amalizie vipi. Nikamjibu "Nshapoa," nikaendelea kufua.

Kidonda kilifunga vizuri. Daktari alikuja kukitazama kila asubuhi, hata akajifunza kusema "kizuri sana," na kilikuwa kizuri kweli, kikavu, hakina harufu. Huku juu uso wa mama ulikuwa ukivimba. Alikataa chakula, kwikwi ikamganda, akawa anasinzia katikati ya neno. Mkojo ukapungua, kisha ukakatika. Tukamrudisha nyumbani.

Nilimbadilisha nguo, nilimpa maji kwa kijiko, nilipika, nilirudi kwa mume wangu, asubuhi nikaja tena. Watu walinisifu kwa subira. Haikuwa subira. Nilikuwa sihisi kitu chochote, nami niliogopa kwamba nikikaa kitako nitahisi.

Alifariki kabla ya adhuhuri. Mwosha alikuwa mwanamke aliyecheza naye utotoni, nami nikamsaidia. Nilimwaga maji, nilishika ubavu alipogeuzwa, macho makavu. Tulipokwisha kumkausha, mwosha alinipa pamba zenye kafuri, amezigawa kama alivyozoea kwa kila maiti. Akawa anataja viungo vya kusujudia, nami naweka. Paji la uso. Pua. Kiganja, kiganja. Goti, goti.

"Mguu," akasema, nikaweka.

"Mguu," akasema tena.

Pamba moja ilikuwa imebaki mkononi mwangu. Sote wawili tuliitazama.

"Hii n'iweke wapi?" nikamuuliza, kwa sauti ya mtoto mdogo. Aliivuta sanda akaanza kuikunja, na mimi nikaanza kulia kwa kelele, jambo lisilotakiwa mbele ya maiti, mpaka wakanishika mabega na kunitoa chumbani, na pamba ile bado ninayo.